Kutoka kwenye ruta hadi kwenye API: maswali ambayo mafundi wa mitandao huniuliza

Niliingia kazi hii Mombasa nikiwa fundi wa kupanda minara. Mkanda kiunoni, antena mgongoni, upepo wa bahari ukinitikisa kule juu kama bendera. Baadaye nikakabidhiwa ruta, kisha zamu za usiku, kisha BGP, lugha ambayo mitandao mikubwa huelekezana njia. Leo nalipwa kuandika programu: mifumo ya malipo ya hotspoti, vyombo vya kusanidi ruta, na API za kuvifanya viwili hivyo vizungumze. Maswali yaliyo hapa huulizwa na wenzangu ambao bado wako upande ule na wanapiga jicho upande huu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hukwama. Mengine nimeyafupisha maana hayana mengi.

API ni nini hasa, kwa lugha ya fundi wa mitandao?

Vitabu vinaiita kiolesura cha programu. Mimi husema ni mlango ambao programu moja huingilia kuzungumza na nyingine, kwa maneno yaliyokubaliwa mapema.

Chukua ruta. Ukiingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kifaa ukiwa mbali) ukaandika amri, majibu yanayorudi yametengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu: nafasi, mistari, vichwa vya jedwali. Siku mtengenezaji akitoa toleo jipya na kusogeza safu moja kulia, wewe hutaona tofauti. Skripti iliyokuwa ikikata maandishi hayo kuanzia herufi ya ishirini na nne itaona, nayo itavunjika. API hurudisha habari ile ile ikiwa na majina yake: hili ni jina la pooti, hii ni hali yake, hii ni anwani. Hakuna kubahatisha.

Malalamiko haya ni ya zamani. Mwaka 2002 bodi inayosimamia usanifu wa intaneti, IAB, iliwaketisha pamoja waendeshaji wa mitandao na watunga viwango, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata kama RFC 3535. Waendeshaji walisema wazi kwamba SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa, inafaa kutazama mtandao lakini hakuna anayeitumia kuusanidi. Walitaka pia usanidi utenganishwe na hali ya kifaa, na wapewe njia ya kusanidi mtandao mzima badala ya kifaa kimoja kimoja. Kutokana na kilio hicho ikazaliwa NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa, mwaka 2006, kisha YANG, lugha ya kueleza muundo wa usanidi, mwaka 2010, na RESTCONF, inayofanya kazi hiyo kwa HTTP, mwaka 2017. Kwa hiyo anayekwambia mambo haya yameletwa na vijana wa programu, mkumbushe kwamba walioyaomba ni watu wa mitandao.

Nimefanya mitandao miaka kumi. Yote hayo nitayatupa?

Ng'ombe haelemewi na nunduye. Usitupe kitu.

Nitakupa kisa kimoja. Niliwahi kuitwa na timu ya waandishi wa programu waliokuwa wamehangaika siku tatu. Programu yao ilikuwa ikituma maombi kwenye API ya tawi lao jingine: maombi madogo yanapita, makubwa yananing'inia mpaka muda unakwisha. Walikuwa wameshabadilisha maktaba mbili na kuandika upya nusu ya msimbo. Nikafungua tcpdump, programu ya kunasa paketi zinazopita. Tawi lile lilikuwa nyuma ya PPPoE, njia ya mteja kuingia kwa jina na nywila, ambapo paketi haiwezi kuzidi baiti 1492, na mtu fulani alikuwa amezuia ICMP yote (ujumbe unaomwambia mtumaji kwamba paketi ni kubwa mno) kwenye ukuta wa moto kwa kudhani anaongeza usalama. Paketi kubwa zilikuwa zikifa njiani bila aliyezituma kupata habari. Wewe unayesoma hapa umeshalijua jibu kabla sijalimaliza. Wao hawakuwa wajinga, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba chini ya HTTP kuna dunia nyingine.

Au vihesabio vya trafiki. Mwandishi wa programu anachukua kihesabio cha SNMP cha biti 32, anatoa tofauti kila dakika tano, anachora grafu, na grafu inamwonyesha upuuzi. Kwenye kiungo cha gigabiti moja kinachojaa, kihesabio hicho hujaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Fundi wa mitandao atachukua kile cha biti 64 bila hata kufikiri.

DNS (majina ya seva), TLS (usimbaji wa mawasiliano), NAT (wengi nyuma ya anwani moja ya nje), muda wa miunganisho kufa: vitu hivi ndivyo vinavyoua programu zikiwa kazini, na ndivyo ulivyolala navyo miaka kumi.

Basi tofauti kubwa iko wapi? Mbona wengi wanaanza na kuishia njiani?

Wengi hudhani ugumu ni lugha. Lugha utaizoea. Ugumu uko kwingine: fundi wa mitandao amezoea kuwepo. Unaandika amri, unatazama, unapiga pingi, unatazama tena, ukiona haikukaa sawa unairudisha. Macho yako ndiyo yanayokagua. Ukiandika programu, unaandika maagizo yatakayofuatwa saa tisa usiku wewe umelala, kwenye kifaa ambacho hujawahi kukiona, na jibu linaweza lisirudi kabisa. Kila ulichokuwa ukikihukumu kwa jicho, sasa lazima ukiandike.

Habari njema ni kwamba umeshaionja kazi hiyo. Kabla ya kugusa ruta ya Cisco iliyoko Garissa, na wewe uko Mombasa, uliandika amri ya kuiwasha upya baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje, itazima na kurudi kwenye usanidi wa zamani. Kwa Juniper ulitumia uthibitisho wa muda, ambao usipoutimiza ndani ya dakika kumi mabadiliko yanajirudisha. Kwa MikroTik ulibonyeza Ctrl na X ukaingia hali salama. Siku hiyo ulikuwa unapanga mambo ya wakati ambao mkono wako haufiki. Programu nzuri ni tabia hiyo hiyo ikienezwa kila mstari: je, jibu lisiporudi? Likirudi mara mbili? Kifaa kikikubali nusu ya maagizo?

Anayeishia njiani mara nyingi ni yule anayejifunza maneno ya lugha bila kubadilisha tabia hii. Skripti zake zinafanya kazi vizuri sana, mradi amekaa mbele yake.

Nianze na lugha gani?

Python. Si kwamba ni bora kuliko zote, bali ndiyo wenzako waliyotumia kujenga vifaa vya kazi hii: Netmiko ya kuingia kwenye ruta kwa SSH, NAPALM ya kuzungumza na vifaa vya watengenezaji tofauti kwa namna moja, Nornir ya kufanya kazi kwenye vifaa vingi kwa pamoja. Go itakuja baadaye, ukianza kuishi karibu na Docker na Kubernetes, mifumo ya kufungasha na kuendesha programu kwenye seva.

Na mstari wa pembeni: mimi husema "msimbo", sisemi "kodi". Nilipomwambia mama yangu kwamba siku hizi kazi yangu ni kodi, aliniuliza kama nimeajiriwa na serikali.

Python kiasi gani kinatosha?

Kidogo kuliko unavyoogopa. Orodha na kamusi, masharti, mizunguko, kuandika kazi ndogo zenye jina, kusoma na kuandika faili, kushika makosa yanapotokea, na kutuma ombi la HTTP. Hayo ukiyaweka sawa, anza kazi halisi. Hisabati usiiogope, mtu anayegawanya mtandao wa /22 kichwani akiwa juu ya ngazi ameshafanya hisabati inayohitajika.

Ila kuna jambo moja watu huliruka: JSON, namna ya kuandika data kwa majina na thamani. Kaa nayo. Chukua jibu la API lenye orodha ndani ya kamusi ndani ya orodha, ulifukue kwa mkono mpaka utoe kitu kimoja kilicho chini kabisa. Ukiweza hilo bila kutokwa na jasho, mlango umefunguka.

Mradi wa kwanza uwe upi?

Kunakili usanidi wa ruta zako zote kila usiku na kuuweka kwenye Git, hifadhi inayotunza historia ya kila badiliko. Kuna programu huria inayofanya hivyo tayari, Oxidized, lakini iandike yako kwanza, hata kama utaitupa.

Sababu ni kwamba kazi hii inasoma tu. Ikikosea, hakuna mteja anayekatika. Lakini ndani yake mna karibu kila kitu: orodha ya vifaa isiyokaa ndani ya msimbo, nywila zisizokaa kwenye faili linalopelekwa Git (tafadhali), kifaa kimoja kisichojibu bila kuwaangusha wengine thelathini, na taarifa asubuhi ya nini kilishindikana. Wiki ya kwanza utaona faida. Mtu atasema "mimi sijagusa kitu", nawe utafungua Git na kuonyesha mstari uliobadilika saa tano na robo usiku. Usimwaibishe mbele ya watu.

Lini niiruhusu skripti ibadilishe vitu?

Baada ya kusoma aibu yangu hii.

RouterOS, mfumo endeshi wa ruta za MikroTik, kuanzia toleo la 7.1, ina API ya REST. Unauliza kwa HTTPS, unajibiwa kwa JSON. Nilifurahi sana. Nikaandika skripti ya kusafisha akaunti za PPPoE zilizozimwa: pitia zote, ukikuta iliyozimwa, ifute. Nikaijaribu kwenye ruta ya majaribio yenye akaunti tatu, zote zimezimwa. Zikafutika. Nikaipeleka kwenye ruta ya kweli.

Ambacho sikukisoma kwenye maelezo ni kwamba REST ya RouterOS hurudisha kila kitu kama maandishi, hata namba, hata ndiyo na hapana. Akaunti isiyozimwa hurudi ikiwa na neno "false" kama maandishi. Na kwa Python, maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa skripti yangu, basi, wateja wote walikuwa wamezimwa. Ikafuta zaidi ya akaunti mia mbili, ikanipa ujumbe mzuri wa kumaliza kazi, nami nikaenda kunywa chai.

Na wala hakuna aliyekatika papo hapo, maana aliye tayari hewani hubaki hewani hata akaunti yake ikifutwa. Walikatika jioni, umeme ulipopepesa mtaani kwa sekunde kadhaa na vifaa vyao vyote kujaribu kurudi kwa pamoja. Kilichoniokoa ni ile nakala ya usiku wa jana.

Tangu siku hiyo kila skripti yangu inayobadilisha kitu huanza kwa hali ya kuigiza: inaonyesha ingefanya nini bila kukifanya, na ikikuta inataka kugusa zaidi ya idadi niliyoiwekea, inasimama na kuniuliza. Ruta ya majaribio nayo haina tena akaunti za aina moja. Majaribio yangu yalikuwa yamepita kwa sababu niliyapanga yapite.

Jingine la RouterOS ukiwa hapo: kwa API nyingi za REST, rekodi mpya huundwa kwa POST. Kwao huundwa kwa PUT, na kurekebisha ni PATCH. Usibishane nao, soma maelezo.

Nataka kujenga hotspoti ya kulipia kwa M-Pesa. Nianzie wapi?

Swali hili huja mara nyingi kuliko yote, na nalipenda, kwa sababu ni kazi ambayo mwandishi wa programu peke yake huiharibu na fundi wa mitandao peke yake hukwama. Inawataka wote wawili ndani ya mtu mmoja.

Nitaeleza kwa Kenya, ambako Safaricom ilifungua API yake ya Daraja mwaka 2017. Tanzania na kwingineko milango ni tofauti na kila mtandao wa simu una wake, lakini mwendo unafanana. Mteja anaunganisha simu kwenye wifi, ruta inampeleka kwenye ukurasa wako, anachagua saa moja au siku nzima, anaandika namba yake. Seva yako inaomba tokeni kutoka Daraja, tokeni ambayo hudumu karibu saa moja, kisha inatuma ombi la kumtokezea mteja dirisha la PIN kwenye simu. Anaweka PIN. Safaricom inaipigia seva yako kwenye anwani uliyoitaja na kukuambia yaliyotokea.

Mitego ni hii.

Ukituma ombi, Daraja hujibu papo hapo kwa msimbo wa sifuri. Wanaoanza huona sifuri wakashangilia na kumfungulia mteja intaneti. Sifuri hiyo ina maana kwamba ombi limepokewa tu. Pesa bado iko mfukoni mwa mwenyewe, pengine hata simu haijaita. Jibu la kweli ni lile linalokuja baadaye: hapo sifuri ndiyo malipo, 1032 ni kwamba mteja amekataa mwenyewe, 1037 ni kwamba simu haikupatikana.

Jibu hilo la baadaye linaweza kuchelewa, lisije, au lije mara mbili. Lisipokuja, uliza: kuna mlango wa kuulizia hali ya muamala. Likija mara mbili, usimpe mteja saa mbili kwa bei ya moja. Kila muamala una utambulisho wake uliopewa ulipotuma ombi. Uweke kwenye hifadhidata kwa sharti la kutojirudia, na hifadhidata yenyewe itakataa la pili. Nimeona watu wakijaribu kuzuia hili kwa sharti ndani ya msimbo, halafu majibu mawili yanafika ndani ya sekunde moja na yote yanapita.

Anwani ya kupokelea majibu lazima ifikike kutoka intaneti ya nje. Hapa ndipo vijana wa programu huniambia "kwangu inafanya kazi". Ukitazama seva iko ofisini nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yenye anwani inayoanza na 100.64. Wewe hutahitaji kuelezwa.

Ukurasa wa malipo lazima ufunguke kabla mteja hajalipa, kwa hiyo uweke kwenye orodha ya kurasa zinazoruhusiwa bila kuingia. Dirisha la PIN lenyewe halikusumbui. Linapita kwenye mtandao wa simu, halipiti kwenye wifi yako.

Baada ya malipo, nani anamfungulia? Kwa ruta moja, tumia API ya ruta moja kwa moja kuongeza mtumiaji mwenye kikomo cha muda. Ukiwa na maeneo kumi, acha hilo, weka katikati FreeRADIUS, seva inayoamua nani aruhusiwe kuingia na kwa muda gani. Seva yako inaandika kwenye hifadhidata, ruta zinauliza kwa pooti ya 1812 na kuleta hesabu kwa 1813. Anayetakiwa kukatwa kabla ya muda wake, unaituma amri kwa ruta kupitia 3799. Kuna raha ya pekee kuona kitu ulichokijua kama "RADIUS ya zamani" kikawa moyo wa programu yako.

Mwisho, namba za simu za watu ni data zao binafsi. Kenya kuna sheria ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022. Usizirundike kwenye faili la kumbukumbu ambalo kila kibarua analisoma. Na leseni ya kuuza intaneti ni jambo la kushughulikia kwa mamlaka ya mawasiliano kabla ya kununua antena, wala si baada ya kutembelewa.

Anwani zetu zote ziko kwenye Excel. Kuna ubaya?

Ubaya hauonekani mpaka watu wawili wafungue faili moja asubuhi moja na kuwapa wateja wawili anwani moja. Programu inahitaji mahali pamoja pa kuuliza ukweli. Wengi hutumia NetBox, iliyoanzia kwa DigitalOcean na kufanywa huria mwaka 2016. Nzuri yake ni kwamba ina API ya kila kitu: unaiambia nipe anwani inayofuata iliyo wazi kwenye mtandao huu, inakupa na kuiandika hapo hapo kwamba imechukuliwa.

Kuhamisha data kutoka Excel ni kazi ya kuchosha na itafichua uchafu wa miaka. Swichi zilizokufa zamani zikiwa bado na jina. Jipe miezi.

Je, otomatiki haiwezi kuangusha mtandao mzima kwa mpigo?

Inaweza. Unakumbuka 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipopotea kwa saa kama sita na kila mtu akawa anawasha na kuzima simu yake? Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata miunganisho ya uti wa mgongo wao wote. Kulikuwa na programu ya kukagua amri za namna hiyo na kuzizuia, lakini nayo ilikuwa na hitilafu. Seva zao za DNS zilipoona zimetengwa, zikaacha kujitangaza kwa BGP, kama zilivyopangiwa. Kila kipande kilifuata maagizo.

Sisi wenye ruta arobaini tunajifunza hapo jambo la kawaida kabisa: usipeleke mabadiliko kote kwa pamoja. Peleka kwa moja, pima, subiri, peleka kwa tano. Na njia ya kuingia kwenye kifaa wakati mtandao umekufa isitegemee mtandao huo huo.

Vyeti vina maana?

Vinafungua mlango wa usaili, basi. CCNA ya sasa, cheti cha mitandao cha Cisco, ina sehemu ya otomatiki na uprogramu yenye uzito wa asilimia 10, kwa hiyo ukiwa nayo umeshaonja. Cisco ilianzisha mitihani ya DevNet, ya otomatiki na uprogramu, Februari 2020, na mwanzoni mwa 2026 ikaihamishia chini ya majina ya CCNA na CCNP za otomatiki. Ukilipiwa, fanya. Kama ni pesa ya mfukoni mwako, mimi ningenunua kwanza kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha kuendesha ruta pepe tano kwa pamoja.

Nina miaka 41. Nimechelewa?

Hapana. Swali linalofuata.

Bosi hataki kusikia habari za skripti. Nifanyeje?

Usiombe ruhusa ya "kufanya otomatiki". Neno hilo linamtisha, na pengine ana haki. Aliyekuwepo kabla yako huenda aliacha skripti ambayo hakuna anayeielewa. Chagua kazi moja inayomuumiza kichwa yeye. Mara nyingi ni ripoti: wateja wangapi wako hewani, kiungo gani kimejaa, nani hajalipa. Iandikie programu inayosoma tu, mpelekee ripoti ile ile kila Jumatatu saa mbili asubuhi kwa mwezi mzima. Jumatatu moja isipofika, atakutafuta mwenyewe.

Na iandikie maelezo mtu mwingine aweze kuiendesha ukiwa likizo. Fundi ambaye kila kitu kiko kichwani mwake huwa hapati likizo.

Akili unde inaandika msimbo yenyewe. Kuna haja ya kujifunza?

Niliipa kazi ile ile iliyoniaibisha, ya kusafisha akaunti za PPPoE. Ilinipa msimbo safi, wenye maelezo mazuri kuliko wangu, na kosa lile lile la "false". Naitumia kila siku na inaniokolea muda, lakini lazima awepo mtu wa kuusoma mstari na kusema hapa pana shimo. Shimo hilo hulioni kama hujawahi kuvuta waya. Usiipe nywila za ruta zako wala kuibandikia usanidi wote wa mteja.

Kwenye usaili wataniuliza nini?

Kazi za otomatiki ya mitandao: watakupa jibu la JSON na kukuambia utoe kitu, kisha watakuuliza vifaa mia mbili, kumi vimekataa, unafanyaje. Kazi za programu za kawaida: tarajia maswali ya hifadhidata, na hapo ndipo sisi wa mitandao huwa dhaifu mno. Jifunze PostgreSQL kwa moyo. Mimi nilikosa kazi mbili kwa kutojua kueleza muamala wa hifadhidata ni nini, wakati nilijua kueleza BGP mpaka wakachoka.

Wapelekee msimbo wako ulio wazi, hata mdogo. Wakiona historia ya Git yenye marekebisho ya miezi sita wataamini zaidi kuliko cheti.

Nina saa moja tu usiku, watoto wakishalala. Wiki hii nifanye nini?

Jumatatu weka ruta pepe moja kwenye kompyuta, CHR ya MikroTik inatosha na leseni yake ya bure. Jumanne iulize kwa API orodha ya pooti zake, uione JSON kwa macho. Jumatano andika Python inayochapisha majina ya pooti zilizo hai. Alhamisi izime ruta hiyo katikati ya kazi uone programu yako inakufaje, kisha irekebishe ife kwa adabu: iseme nini kilitokea, wapi, na iache kila kitu kama ilivyokikuta. Ijumaa usifanye kitu. Jumamosi irudie Alhamisi kwa ruta mbili, moja hai na moja imezimwa.

Ukifika hapo, hakikisha kwamba ile iliyo hai bado imeulizwa.